Mkoa wa Voronezh (Urusi) umegawanywaje? Mdogo wangu kaambiwa nyumba iko mjini, mkataba unasema wilaya nyingine kabisa

Fundi Saa
Wakuu habari za Jumapili. Nina mdogo wangu wa kike anasoma Urusi, mji unaitwa Voronezh, yuko mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza wote alikaa hosteli, sasa yeye na wenzake wawili wamechoka kugombania jiko na watu wa ghorofa nzima wakaamua wapange. Wakampata ajenti, akawaambia nyumba iko Voronezh, picha safi, bei chini kuliko zote walizoona, wakalipa. Jana kanitumia picha ya mkataba nikaiweka kwenye simu itafsiri, nikasoma anwani mara tatu. Inaanza na namba 396 na tarakimu zingine, halafu Voronezhskaya oblast, halafu Novousmansky rayon, halafu poselok Otradnoye, mtaa, nyumba. Mji wa Voronezh haumo popote!

Nikamuuliza akasema hata yeye haelewi, maana rafiki yake anakaa Sovetsky rayon na huyo yuko mjini kabisa, kwa hiyo yeye alivyoona neno rayon akajua ni mulemule. Naomba mwenye uelewa wa hawa jamaa wanavyogawa mikoa yao anisaidie. Katapeliwa au ndo utaratibu wao?

Kipara wa Tandika
Novousmansky 😂😂 kumbe Othman alifika mpaka Urusi na akapewa wilaya

Mzee wa Marshrutka
Kipara ni mto huo, unaitwa Usman, acha utani watu wana shida.

Fundi Saa, mimi nimekaa Voronezh miaka sita, nimesoma pale na nimepanga nyumba nne tofauti, moja wapo upande hukohuko alikopelekwa mdogo wako. Hajatapeliwa nyumba, ila kaambiwa nusu ya ukweli. Ngoja nikueleze taratibu.

Oblasti chukulia ni mkoa. Mkoa wa Voronezh una vipande 34 vya ngazi ya kwanza. Vipande 31 ni rayoni, yaani wilaya kama tunavyozijua sisi, zina miji midogo na vijiji na mashamba. Vipande 3 vilivyobaki ni miji inayojitegemea, wao wanaita okrugi ya mji: Voronezh yenyewe, Novovoronezh penye kinu cha umeme wa nyuklia, na Borisoglebsk kule mashariki mwisho. Hiyo mitatu haiko chini ya wilaya yoyote.

Sasa mtego aliouingia mdogo wako ni huu. Jiji la Voronezh nalo kwa ndani limekatwa vipande 6, na vyenyewe pia vinaitwa rayoni! Tsentralny, Leninsky, Sovetsky, Kominternovsky, Zheleznodorozhny na Levoberezhny. Neno moja, vitu viwili. Rafiki yake wa Sovetsky yuko kwenye rayoni ya jiji. Yeye yuko kwenye rayoni ya mkoa. Ukitaka kuzitofautisha kwenye anwani angalia kinachotangulia. Ya mjini itaanza na "g. Voronezh", hiyo g ni gorod, mji, na mara nyingi hata rayoni yenyewe hawaiandiki, wanaenda moja kwa moja kwenye mtaa. Ya mkoani itaanza na oblasti, halafu rayoni, halafu jina la kijiji. Na njia rahisi zaidi ni namba ya posta. Jiji linaanza na 394. Wilaya zinaanza na 396 au 397. Wewe mwenyewe umeandika 396 hapo juu, jibu lilikuwa mkononi.

Fundi Saa
Mzee wa Marshrutka ubarikiwe. Kwa hiyo ni kijijini? Mbona picha zinaonyesha maghorofa

Mzee wa Marshrutka
Otradnoye ni pembeni kabisa ya jiji, ukingo wa kushoto. Zamani kijiji kweli, saa hizi wamejenga maghorofa maana kiwanja ni rahisi kuliko mjini. Ukitembea kwa miguu huoni mpaka, hamna geti wala nini, unaona tu kibao cha barabarani kina jina la Voronezh limepigwa mstari mwekundu, maana yake mji umeisha hapa, na nyuma ya kibao nyumba zinaendelea kama kawaida. Hata gari zina namba zilezile za 36 na 136 kwa sababu namba za gari ni za mkoa mzima siyo za wilaya. Watu wanaamka hapo kila siku wanaenda kazini mjini. Ni kama mtu anakaa Kiluvya anasema anakaa Dar, ukimuuliza upande gani wa mpaka anakuambia "palepale tu".

Shida yake itakuwa daraja. Chuo kama kiko katikati basi kiko ukingo wa kulia, na katikati kuna bwawa kubwa walilolijaza mwaka 1972 kwenye mto Voronezh, kwa hiyo kila asubuhi ukingo wote wa kushoto unataka kupita madaraja machache, Severny, Chernavsky na Vogresovsky. Mwezi wa kwanza theluji imeshuka, marshrutka (daladala zao) imejaa, madirisha yana barafu kwa ndani unafuta kwa kidole ili ujue umefika wapi, na dereva hatangazi kituo, unatakiwa upige kelele mwenyewe. Mimi kwa aibu ya lugha nilipitishwa vituo viwili siku ya kwanza nikarudi kwa miguu. Mwambie anunue viatu vizuri.

Mchambuzi Huru
Naomba nirekebishe kidogo. Oblasti siyo mkoa. Urusi ni shirikisho, oblasti ni mwanachama wa shirikisho, ina bunge lake linaitwa duma ya mkoa, ina katiba yake ndogo na inatunga sheria zake. Mkoa wetu hauna bunge. Ukisema mkoa unawadanganya watu. Tuseme jimbo.

Mzee wa Marshrutka
Sawa Mchambuzi, kwa vitabu uko sahihi. Ila Urusi wana aina nyingi za hao wanachama, kuna jamhuri kama Tatarstan, kuna krai, kuna oblasti, kuna okrugi zenye mamlaka ya ndani, kuna miji ya shirikisho kama Moscow na Saint Petersburg, na kuna oblasti moja pekee yenye mamlaka ya ndani, ile ya Wayahudi kule mashariki ya mbali. Zote ukiita jimbo unakuwa umezichanganya. Mimi nasema mkoa kwa sababu kwenye maisha ya kila siku ndivyo unavyoisikia.

Ila umegusa jambo ambalo linajibu kitu. Kwa kuwa ni shirikisho, wilaya hazichorwi na Moscow. Bunge la mkoa ndo linaamua mkoa wake uwe na wilaya ngapi na mipaka ipite wapi. Kwetu Rais ndiye anaigawa nchi mikoa na wilaya. Ndo maana ukihama oblasti moja kwenda nyingine unakuta utaratibu haufanani. Mkoa wa Moscow (siyo jiji, mkoa unaolizunguka jiji) karibu wilaya zote wamezifuta wakazigeuza okrugi, ukienda na ramani ya zamani unapotea.

Wa_Nyeri
Manze hii okrugi inanichanganya. Mara ya kwanza ni mji, mara ya pili ni kitu chenye mamlaka ya ndani, sasa tena wilaya zimegeuzwa okrugi. Ni nini hasa? Sisi huku Kenya tuna kaunti 47, ukishuka kuna sabukaunti na wadi, kila neno na kazi yake.

Mzee wa Marshrutka
Haha umeuliza swali ambalo hata Warusi wenyewe wanalikimbia. Okrugi maana yake ni eneo linalozunguka kitu. Basi. Wanalibandika popote. Kuna okrugi kubwa za shirikisho, 8 nchi nzima, kila moja inabeba mikoa mingi na ina mwakilishi wa rais, zilianza mwaka 2000 zikiwa 7, ya nane ikaongezwa 2010, Voronezh iko kwenye ile ya Kati. Hizo hazina bunge, ni jicho la Moscow tu. Halafu kuna okrugi zenye mamlaka ya ndani, nyingi ziko kwenye baridi kali huko kaskazini, mfano Chukotka. Halafu ndo okrugi ya mji, ambayo ni ngazi ya chini, sawa na rayoni. Mtu akikuambia okrugi muulize ipi, usione aibu.

Bi Mkubwa wa Halmashauri
Nimefanya kazi serikali za mitaa miaka kumi na nane naomba nichangie maana naona mnazunguka kitu ambacho sisi tunacho hapahapa nyumbani. Kwetu wilaya ni kitu kimoja na halmashauri ni kingine. Mkuu wa wilaya anateuliwa, yuko kwenye mstari wa serikali kuu. Halmashauri ina madiwani waliochaguliwa na bajeti yake. Na havilingani lazima, chukua Kahama, wilaya moja ila halmashauri tatu, Manispaa ya Kahama, Msalala na Ushetu. Mwananchi wa kawaida anachanganya kila siku, anakuja na barua ya huku anaipeleka kule. Nadhani na Urusi ni hivyohivyo, kuna ramani ya utawala na kuna ramani ya madiwani, sijui kama nimekosea.

Mzee wa Marshrutka
Bi Mkubwa umepiga palepale. Wanazo ramani mbili. Moja ya utawala na nyingine ya serikali za mitaa iliyokuja na sheria ya mwaka 2003, ile namba 131 maarufu. Hiyo ya pili ndo ilileta majina ya okrugi ya mji na wilaya ya manispaa na makazi ya mjini na makazi ya vijijini. Mahali pengi ramani mbili zinalaliana vizuri, rayoni ni ileile, tofauti ni kwenye karatasi tu.

Borisoglebsk ndo mfano mzuri. Zamani kulikuwa na mji wa Borisoglebsk na kulikuwa na wilaya ya Borisoglebsk inayouzunguka, vitu viwili. Baadaye wakavikoroga pamoja ikawa okrugi ya mji moja. Sasa kuna watu wanakaa kijijini kabisa, wana ng'ombe na viazi, ila kwa karatasi wako "okrugi ya mji". Halafu mdogo wake Fundi Saa anakaa ghorofani anaona taa za jiji dirishani lakini kwa karatasi yuko wilayani.

Na zile rayoni 6 za ndani ya jiji hazina madiwani wake. Zina ofisi inaitwa uprava, mkuu wake anatoka kwenye utawala wa jiji. Kwa hiyo ukilinganisha na Dar, usizifananishe na Kinondoni au Temeke ambazo ni manispaa zenye baraza lake. Ni ofisi za jiji zilizosogezwa karibu na watu.

Kipara wa Tandika
Kominternovsky ndo nini sasa, hawa jamaa walikosa majina?

Mzee wa Marshrutka
Komintern ilikuwa jumuiya ya vyama vya kikomunisti vya dunia. Zheleznodorozhny ni ya reli. Levoberezhny ni ya ukingo wa kushoto. Leninsky na Sovetsky unajua. Tsentralny ya katikati. Majina ya jiji ni ya Kisovieti, majina ya wilaya za mkoa mengi ni ya vijiji na mito ya zamani, Anninsky makao yake panaitwa Anna, Bobrovsky ni mji wa Bobrov, na bobr kwa Kirusi ni yule mnyama mwenye meno makubwa anayeziba mito kwa miti.

Na hizo ncha za maneno zisikutishe. Oblasti kwa Kirusi ni neno la kike kwa hiyo inakuwa Voronezhskaya, rayoni ni la kiume inakuwa Novousmansky. Sisi tunasema mkoa wangu, wilaya yangu, wao ndo hivyo, ngeli zao ziko mwishoni. Kwa hiyo Novousmansky rayon ni "wilaya ya Novaya Usman", na Novaya Usman ni kijiji kikubwa ndo makao makuu. Otradnoye iko chini yake.

Ustaadh Rama
Kama kuna Usman mpya basi kuna ya zamani. Iko wapi?

Mzee wa Marshrutka
Swali zuri kuliko yote kwenye huu uzi. Mji wa Usman upo, ila hauko mkoa wa Voronezh! Uko mkoa wa jirani, Lipetsk. Na hapo ndo unaiona historia ya mipaka yao.

Mwaka 1928 walifuta mgawanyo wa enzi za wafalme, ile ya guberniya na uyezdi na volosti, wakaunda oblasti moja kubwa ya udongo mweusi, makao yake Voronezh, na chini yake ndo rayoni zikazaliwa. Ilikuwa kubwa mno, miaka sita tu wakaipasua, tarehe 13 Juni 1934 zikatoka oblasti mbili, Voronezh na Kursk. 1937 Tambov ikatolewa. Halafu Januari 1954 wakachukua wilaya za kaskazini za Voronezh wakachanganya na vipande vya mikoa mingine wakaunda Lipetsk, mji wa Usman ukaenda huko na Novaya Usman ikabaki huku. Siku hiyohiyo Belgorod nayo ikaundwa, upande wa magharibi ikala wilaya za Voronezh. Na mwaka huohuo wa 1954 wakaunda oblasti ya Balashov, ikabeba upande wa Borisoglebsk, hiyo haikumaliza hata miaka minne, 1957 ikafutwa na Borisoglebsk ikarudi nyumbani.

Na Khrushchev naye 1962 akaja na yake ya kuunganisha wilaya za vijijini ziwe chache na kubwa, alipotolewa tu madarakani nyingi zikarudishwa. Mzee mmoja niliyekuwa nakaa nyumbani kwake alikuwa anasema amezaliwa mkoa mmoja, akasoma mkoa wa pili, akaoa mkoa wa tatu, na hajawahi kuhama kijiji.

Mchambuzi Huru
Hiyo ya mzee imenikumbusha watu wa Mbozi, 2016 walilala Mbeya wakaamka Songwe. Na Geita 2012.

Bi Mkubwa wa Halmashauri
Mchambuzi usinikumbushe. Wakati wa kugawana mali kati ya halmashauri mama na mpya tuligombania mpaka viti. Greda moja, halmashauri mbili. Sitaki hata kuongea.

Mzee wa Marshrutka
Na majina pia wanabadili. Mji wa Liski, makutano makubwa ya reli, makao ya wilaya ya Liskinsky. Mwaka 1965 wakaupa jina la kiongozi wa Romania aliyefariki, ukaitwa Georgiu-Dezh, hadi 1990 ndo ukarudi kuwa Liski. Miaka 25 bibi wa kijijini anaulizwa anaenda wapi anatakiwa aseme Georgiu-Dezh, na wengi waliendelea kusema Liski tu.

Wilaya hiyohiyo ndo ina Divnogorye, makanisa yamechimbwa ndani ya vilima vya chokaa nyeupe. Ramonsky ina kasri la mjukuu wa mfalme, na pia uwanja wa ndege. Ndiyo, uwanja wa ndege "wa Voronezh" uko wilaya ya Ramonsky, nje ya jiji. Kabla safari za ndege hazijasimamishwa 2022, ndege ilikuwa inatangaza umetua Voronezh, kumbe kwa karatasi hujaingia bado. Khokholsky ina kijiji cha Kostenki, kuna jumba la makumbusho limejengwa juu ya mabaki yenyewe, mifupa ya tembo wale wenye manyoya watu wa kale waliifanya kuta za nyumba. Nilienda na darasa, mwalimu anaeleza saa nzima, mimi naangalia mifupa nawaza hawa watu walivumiliaje baridi bila hita.

Wa_Nyeri
Na usalama? Nasikia mkoa huo unapakana na Ukraine.

Mzee wa Marshrutka
Unapakana, wilaya za kusini kama Kantemirovsky ndo ziko mpakani upande wa Luhansk. Huko mwanafunzi wa nje usiende kutalii. Fundi Saa, Novousmansky iko mashariki ya jiji, mbali na mpaka kuliko hizo, lakini mwambie afuate matangazo ya mkoa na ya ubalozi, hilo siwezi kulifanyia utani.

Fundi Saa
Nimesoma yote mara mbili, nimemtumia na yeye. Sasa kuna jambo jipya. Anasema ajenti kamwambia kibali cha makazi aendelee kutumia anwani ya hosteli "kwa kuwa yote ni Voronezh". Hii ni sawa?

Mzee wa Marshrutka
HAPANA. Hapo ndo kesi yote ilipo, ndo maana nimeandika maelezo marefu hivi. Kule mgeni anaandikishwa mahali anapolala. Akihama, mwenye nyumba mpya ndiye anapeleka taarifa, na siku ni 7 za kazi tu. Hosteli ikishamtoa kwenye orodha yake na huku hajaandikishwa anakuwa hewani, akikaguliwa ni faini na inaweza kwenda mbali zaidi ya faini. Na asiende ofisi ya uhamiaji ya ile rayoni ya jiji aliyokuwa anaandikishwa mwanzo, watamrudisha. Aende ya Novousmansky. Mwenye nyumba aende naye, na mkataba, pasipoti, ile karatasi ndogo ya mpakani. Kama mwenye nyumba anakataa kuandikisha basi hiyo ndo sababu ya bei kuwa chini, na hapo adai hela yake arudi hosteli. Na chuo awaambie leo leo, kitengo cha wageni.

Mimi mwaka wa tatu nilipanga ukingo uleule nikaenda ofisi ya mjini, nikapanga foleni toka saa mbili asubuhi, nafika dirishani saa saba, mama akaangalia karatasi sekunde tatu akasema neno moja, "rayon". Nikamjibu ndiyo, rayon. Akarudia, "RAYON", akafunga dirisha akaenda kula. Nilitoka nje sijui nimekosea nini. Nilikuwa nina siku mbili zimebaki.

Kipara wa Tandika
😂😂😂 pole mkuu

Fundi Saa
Mrejesho wakuu. Amempigia mwenye nyumba mwenyewe bila ajenti, ni bibi mtu mzima, kumbe wala hakukataa, alikuwa anashangaa mbona wanafunzi hawajampelekea pasipoti. Jana asubuhi wameenda wote Novaya Usman, bibi, mdogo wangu na wenzake wawili, marshrutka mbili. Foleni ilikuwa ya watu wanne tu! Kapewa kipande chenye muhuri, kanitumia picha, na safari hii nimekisoma mwenyewe bila kutafsiri. Oblasti, rayoni, kijiji. Inaanza na 396.

Ajenti simu haipokei. Bibi kawapa na ndoo ya viazi.